Safari ya Sauti na Safari ya Nuru

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, kazi yangu ilikuwa kuchunga mbuzi wa baba yangu kando ya bonde moja pana. Ng'ambo ya bonde lile alikuwako mzee mmoja aliyekuwa akikata miti ya kujengea. Siku moja niliketi juu ya jiwe nikamtazama. Aliinua shoka, akalishusha katika shina la mti, wala sikusikia kitu. Akaliinua tena, na lilipokuwa juu kabisa, ndipo niliposikia, "Ko!" Nikastaajabu sana. Nilidhani labda shoka lile hulia linapoinuliwa, wala si linapopiga.

Jioni nikamwuliza baba. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, macho yako yana mbio kuliko masikio yako." Jibu lile lilinitosha siku ile, lakini halikuwa jibu kamili. Macho hayaendi popote, na masikio hayaendi popote. Vilivyosafiri ni vitu viwili vilivyotoka ng'ambo: nuru iliyoniletea sura ya shoka, na sauti iliyoniletea mlio wake. Viliondoka pamoja, lakini havikufika pamoja.

Katika somo hili tutaona kwa nini havikufika pamoja. Na mwisho wake tutaona kwamba jambo hili si la kuwastaajabisha watoto malishoni tu. Mtu anayelijua vema aweza kuokoa maisha yake wakati wa masika.

1. Wimbi ni nini?

Chukua jiwe dogo, ulitupe katika maji yaliyotulia. Utaona viduara vikianza pale jiwe lilipoanguka, vikazidi kupanuka mpaka ukingoni. Sasa weka jani kavu juu ya maji, kisha utupe jiwe tena. Je, jani litachukuliwa na wimbi mpaka ukingoni? La. Litapanda na kushuka, litapanda na kushuka, lakini litabaki karibu na mahali pake.

Basi likumbukeni neno hili: wimbi si safari ya maji, bali ni safari ya mtikiso. Maji hukaa, mtikiso huenda.

Sauti ni wimbi, na nuru ni wimbi. Kwa mambo kadha wa kadha zafanana. Sauti ikigonga jabali hurudi, nasi twaita mwangwi. Nuru ikigonga kioo hurudi, nasi twaona sura zetu. Sauti hufifia kadiri mtu anavyokwenda mbali nayo. Nuru ya taa hufifia vivyo hivyo. Lakini ukiuliza, "Kinachotikisika ni nini?" ndipo utakapoona kuwa hazifanani hata kidogo.

2. Sauti hutikisa kitu

Weka punje chache za mchele juu ya ngozi ya ngoma, kisha uipige ngoma kidogo pembeni. Punje zitaruka. Hapo twajua ya kuwa ngozi inatetema. Inapotokeza mbele huisukuma hewa iliyo jirani nayo, na hewa ile husongamana. Inaporudi nyuma, hewa hupata nafasi na kulegea. Hewa iliyosukumwa huisukuma hewa inayofuata, na hiyo nayo huisukuma nyingine, hata msukumo ukafika katika sikio lako na kukitikisa kiwambo chembamba kilichomo ndani. Ndipo unaposema, "Nasikia ngoma."

Ili mwelewe zaidi, fanyeni jaribio hili uwanjani. Wanafunzi 12 wasimame mstari mmoja, kila mmoja ameweka mikono juu ya mabega ya mwenziwe wa mbele. Mwalimu amsukume polepole yule wa nyuma kabisa. Atainama mbele kidogo na kurudi; na msukumo ule utapita kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka kwa yule wa kwanza. Hapana aliyeondoka mahali pake, lakini msukumo umesafiri kutoka mwisho wa mstari hata mwanzo wake. Hivyo ndivyo sauti inavyokwenda hewani. Tena angalieni: msukumo ulikwenda mbele, na kila mwanafunzi aliinama mbele na kurudi nyuma. Maana yake, katika wimbi la sauti hewa hutikisika kuelekea kule kule sauti iendako.

Sasa waambieni wanafunzi wanne wa katikati watoke katika mstari. Mwalimu amsukume tena yule wa nyuma. Msukumo utafika penye pengo, nao utakoma. Lisahauni lo lote katika somo hili, lakini pengo lile msilisahau.

3. Mbio za sauti

Hewa ikiwa na joto la kawaida la mchana, sauti huenda kama meta 340 kwa sekunde moja. Ni mwendo mkubwa kuliko wa motokaa yo yote mnayoiona barabarani. Lakini mtu aliye mbali meta 340 hungoja sekunde nzima kabla ya kusikia shoka, nami nilikuwa mbali kadiri hiyo siku ile ya mbuzi.

Sauti haipiti katika hewa peke yake. Tega sikio lako kwenye ncha moja ya gogo refu, na mwenzako akwaruze ncha ya pili kwa ukucha. Utasikia wazi mkwaruzo ambao hewani usingesikika. Katika vitu ambavyo chembe zake zimeshikamana sana, msukumo hupita upesi zaidi. Katika chuma sauti huenda karibu meta 5,000 kwa sekunde.

Na katika maji? Mwaka 1826 watu wawili, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm, walilipima jambo hili katika ziwa la Geneva, lililo kati ya Uswisi na Ufaransa. Usiku mmoja mashua mbili zilikaa mbali mbali, zaidi ya kilomita 13. Katika mashua ya kwanza kengele ilining'inizwa chini ya maji, nayo ilifungwa kwa namna ambayo nyundo ilipoigonga, baruti iliwaka juu wakati ule ule. Katika mashua ya pili Colladon alitia majini bomba refu lenye mdomo mpana, akaliweka sikioni. Alipouona mwali wa baruti alianza kuhesabu. Aliposikia kengele alikoma. Hesabu yao ikatoa meta 1,435 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wa sauti hewani.

Tazameni werevu wao. Nuru ndiyo iliyokuwa saa yao. Waliihesabu nuru kuwa imefika papo hapo, nao hawakukosa, maana nuru huvuka kilomita 13 kwa muda mfupi mno usioweza kuhesabiwa na mtu.

4. Saa iliyonyamazishwa

Labda mwanafunzi mmoja atauliza, "Hewa ikiondolewa kabisa, sauti itapita wapi?" Ni swali jema, nalo liliulizwa zamani. Robert Boyle, mtaalamu aliyezaliwa Ireland na kufanya kazi Uingereza, alitangaza majaribio yake mwaka 1660. Aliitundika saa kwa uzi ndani ya chombo kikubwa cha kioo, akaanza kuitoa hewa kwa bomba. Hewa ilipozidi kupungua, mlio wa saa ulizidi kufifia, hata mwisho haukusikika tena. Hewa iliporudishwa, mlio ukarudi.

Saa haikuacha kwenda. Watazamaji walikuwa wakiiona mbele yao wakati wote. Lakini kati ya saa na kioo palikuwa na pengo, kama lile pengo la mstari wetu. Palikuwa hapana hewa ya kuupokea msukumo na kuupeleka mbele.

Lakini ngojeni kidogo. Tumesema kuwa waliiona. Basi sauti ilizuiwa na pengo lile, bali nuru ilipita kana kwamba hapana pengo. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya mawimbi haya mawili, na mambo mengine mengi yatoka katika hiyo.

5. Nuru ina mbio gani?

Watu wengi wa zamani walidhani kuwa nuru haina safari, bali hufika papo hapo. Galileo, mtaalamu wa Italia, katika kitabu kilichotoka mwaka 1638, alieleza jinsi ya kuijaribu. Watu wawili hukaa mbali usiku, kila mmoja ana taa iliyofunikwa. Wa kwanza hufunua taa yake. Wa pili akiiona, hufunua yake. Lakini kwa njia hii haikuwezekana kujua kama nuru imekawia, maana mkono wa mtu ni mzito mno mbele ya mwendo wa nuru.

Mwaka 1676 Ole Rømer, mtu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alipata njia bora. Alikuwa akiangalia mwezi mmoja unaoizunguka sayari ya Mshtarii. Aliona ya kuwa dunia yetu inapokuwa mbali na Mshtarii, mwezi ule huonekana kuchelewa, na tunapoikaribia huonekana kuwahi. Akafahamu kuwa mwezi wenyewe haukosei saa zake, bali nuru yake inakuwa na njia ndefu zaidi ya kutujia.

Leo twajua kuwa mahali pasipo na kitu nuru huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kama ingeweza kwenda kwa kuzunguka, ingeizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja. Kutoka katika jua mpaka kwetu, safari ya kilomita karibu milioni 150, nuru hutumia dakika 8 na sekunde 20. Kama pangekuwapo hewa njia nzima, sauti ingetumia kama miaka 14. Lakini hewa haipo, na kwa hiyo sauti ya jua haifiki kwetu hata kidogo.

6. Jamaa ya nuru

Ikiwa nuru yapita mahali pasipo na kitu, basi kinachotikisika ni nini? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu.

Mwaka 1865 James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, alitangaza jibu lake. Nguvu ya umeme ikibadilika huzaa nguvu ya sumaku, na nguvu ya sumaku ikibadilika huzaa nguvu ya umeme. Maxwell alionyesha kwa hesabu kuwa nguvu hizi mbili zaweza kuzaana hivyo bila kukoma na kwenda mbele pamoja, yaani kuwa wimbi. Alipopiga hesabu ya mwendo wa wimbi hilo, aliona ni ule ule mwendo wa nuru. Basi akasema kuwa nuru yenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Tena mtikiso wake si wa mbele na nyuma kama wa sauti. Ni wa kukingama njia, kama kamba iliyofungwa mtini inapotikiswa juu na chini: wimbi laenda kwenye mti, lakini kamba yapanda na kushuka.

Maxwell alikufa mwaka 1879 kabla ya kuyaona mawimbi mengine ya namna hii. Heinrich Hertz wa Ujerumani ndiye aliyeyatengeneza kwa mkono, kati ya mwaka 1886 na 1888. Alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba, na cheche ndogo sana zikaonekana katika pete ya waya iliyowekwa mbali, ingawa hapakuwa na waya wa kuziunganisha. Mawimbi aliyoyapata ndiyo haya ya redio. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kuwa amepokea, huko St. John's katika Newfoundland, alama za herufi moja zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, kuvuka bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000.

Basi jamaa hii ni kubwa. Mawimbi ya redio, joto la moto unalolisikia usoni ukikaa kando ya jiko, nuru tunayoona, na mionzi ya eksrei ambayo Wilhelm Röntgen aliivumbua mwaka 1895, yote ni ndugu. Tofauti yao ni urefu wa wimbi tu. Wimbi moja la redio laweza kuwa na urefu wa meta nyingi. La nuru halifiki hata sehemu ya elfu ya milimeta.

Wazee wetu walipoona mara ya kwanza habari zikipita bila waya, waliiita "simu ya upepo". Jina ni zuri, lakini msidanganywe nalo. Upepo hauna kazi katika simu ile. Hata wataalamu wa Ulaya walikosea karibu vivyo hivyo: walidhani lazima kiwepo kitu fulani chepesi kilichojaa kila mahali ili kibebe nuru, nao wakakiita etha. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walikitafuta kwa uangalifu mkubwa huko Cleveland, Marekani, wala hawakukiona. Na mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kuwa hakihitajiwi. Mawimbi ya umeme na sumaku hayahitaji mchukuzi.

7. Mambo mengine yanayotofautiana

Kwanza, sauti huenda upesi zaidi katika maji kuliko hewani, na katika chuma kuliko katika maji. Nuru ni kinyume. Mahali patupu ndipo iendapo upesi kupita pote. Katika maji mwendo wake hupungua hata kilomita 225,000 kwa sekunde, na katika kioo hupungua zaidi. Vitu humsaidia mmoja na kumkawiza mwingine.

Pili, mama akikuita nyuma ya nyumba, wamsikia ingawa humwoni. Mawimbi ya sauti ya mtu huwa na urefu kama wa mkono, au wa mlango, au zaidi, nayo hupinda penye pembe za nyumba na kuingia madirishani. Mawimbi ya nuru ni mafupi mno, kwa hiyo hukata kivuli chenye mpaka ulio wazi. Lakini jambo hili ni la urefu tu, wala si la asili. Maana mawimbi marefu ya redio nayo hupinda yakapita vilima.

Tatu, sikio la mtu husikia mitetemo kuanzia 20 hivi mpaka 20,000 kwa sekunde, na popo husikia mitetemo mingi zaidi. Nuru nyekundu hutetema kama mara bilioni 400,000 kwa sekunde moja. Ndiyo maana twahitaji viungo viwili, sikio na jicho; kimoja hakiwezi kazi ya mwenziwe.

8. Redio hubebaje sauti?

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Husema, "Redio yaleta sauti, kwa hiyo mawimbi ya redio ni sauti." Sivyo. Mtu akinena mbele ya maikrofoni, sauti yake hutikisa kiwambo kidogo, na mtikiso ule hugeuzwa kuwa umeme unaozidi na kupungua. Katika mlingoti wa redio umeme huo hutoa mawimbi ya umeme na sumaku, nayo hupita juu ya mashamba na maziwa kimya kabisa. Hupita hata katika chumba mlimo sasa, wala hapana anayeyasikia. Yakifika kwenye redio ya nyumbani, hugeuzwa tena kuwa umeme. Umeme hukitikisa kiwambo cha spika. Kiwambo huitikisa hewa. Na hapo tu ndipo sauti inapozaliwa tena.

Mfikirie mtu anayehutubia mkutano mkubwa Dar es Salaam bila kipaza sauti, na mbele yake ipo maikrofoni ya redio. Mtu aliyesimama nyuma ya mkutano, mbali meta 100, husikia baada ya karibu theluthi ya sekunde. Mtu aliye Mwanza, mamia ya kilomita kutoka hapo, ameweka redio karibu na sikio. Mawimbi ya redio huvuka nchi kwa muda usiofika hata sehemu ya mia ya sekunde. Basi ikiwa mitambo njiani haikuyakawiza, mtu wa Mwanza atasikia neno kabla ya yule aliye mkutanoni!

Tena, mwezi wa Julai mwaka 1969 Neil Armstrong na Edwin Aldrin walisimama juu ya mwezi. Huko hakuna hewa. Kama mmoja angalipiga kelele kwa nguvu zake zote bila redio, mwenziwe aliye hatua mbili tu asingalisikia neno. Lakini watu wa dunia, walio mbali karibu kilomita 384,000, waliwasikia wakinena baada ya sekunde moja na theluthi hivi, kwa sababu maneno yao yaliletwa na mawimbi yasiyohitaji mchukuzi.

Lakini msiidharau sauti. Tarehe 27 Agosti mwaka 1883 mlima wa moto wa Krakatau, katika nchi iitwayo sasa Indonesia, ulipasuka. Mlio wake ulisikika katika kisiwa cha Rodrigues, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kama kilomita 4,800 kutoka huko. Ulifika baada ya saa nne hivi, na waliousikia walidhani ni mizinga inapigwa mbali baharini. Gawanyeni wenyewe kilomita 4,800 kwa saa nne, mwone kama sauti ilikwenda mwendo wake wa siku zote.

9. Umeme, ngurumo na uhai wetu

Sasa twarudi nyumbani, kwa maana somo hili linatuhusu sana. Nchi zinazolizunguka ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi mno duniani. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi ilipiga shule moja ya msingi katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ikaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu mmoja. Walikuwa watoto kama ninyi, wenye vitabu kama hivi. Wako watu ambao mambo kama hayo yakitokea humtafuta jirani aliyeituma radi. Msiwafuate, jirani hana nguvu juu ya mawingu. Ni heri kuijua radi yenyewe.

Radi ni cheche kubwa ya umeme kati ya wingu na wingu, au kati ya wingu na nchi. Katika njia yake hewa hupata joto la karibu digrii 30,000, hutanuka kwa ghafula, na msukumo huo wa hewa ndio ngurumo. Kwa hiyo umeme na ngurumo huzaliwa pamoja, kama nuru na mlio wa lile shoka. Umeme hutufikia papo hapo. Ngurumo hutembea polepole kwa miguu yake. Tena ukiwa na redio ya masafa ya kati, utaisikia ikikwaruza wakati ule ule wa umeme, kabla ya ngurumo; maana radi hutoa pia mawimbi ya redio, nayo hufika pamoja na ndugu yake nuru.

Basi ukiuona umeme, anza kuhesabu bila haraka: "sekunde moja, sekunde mbili, sekunde tatu," mpaka usikie ngurumo. Gawanya hesabu yako kwa tatu, utapata kilomita. Ukihesabu sekunde 9, radi imepiga mbali kilomita 3. Hesabu ikizidi kupungua, mvua ya radi inakujieni. Ikizidi kuongezeka, inakwenda zake. Lakini hesabu haikuambii radi ya pili itapiga wapi. Ikiwa hukufika 30, umekwisha ingia katika hatari.

Wakati huo yawapasa kufanya haya. Acheni mchezo uwanjani, tokeni majini na mitumbwini, shukeni kilimani. Msikimbilie chini ya mti uliosimama peke yake, hata kama mvua ni kubwa; kulowa ni heri kuliko kufa. Ingieni katika nyumba kubwa imara yenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, wala msiyaguse hayo, au ndani ya motokaa yenye paa la chuma iliyofungwa madirisha. Banda la wazi na kibanda kidogo cha nyasi haviwakingi. Kaeni huko mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ngurumo yenyewe haiui. Mtu aliyesikia ngurumo, radi ile imekwisha mpita. Ngurumo ni mjumbe aliyechelewa, lakini ujumbe wake ni wa kweli, naye hufika mapema ya kutosha kwa mtu anayejua kuhesabu.

Maswali

1. Katika jaribio la mstari wa wanafunzi, pengo la katikati lafanana na nini katika jaribio la Boyle?
2. Wanafunzi wawili waliona umeme. Walihesabu sekunde 12 ndipo wakasikia ngurumo. Umeme uliofuata walihesabu sekunde 6. Radi ilipiga mbali kadiri gani mara ya kwanza, na mara ya pili? Yawapasa kufanya nini?
3. Kwa nini jina la "simu ya upepo" si sahihi?
4. Kama redio za watu wale waliokuwa juu ya mwezi zingaliharibika, wangaliweza kusikiana kwa kugusanisha kofia zao ngumu. Elezeni sababu.
5. Taja vitu viwili ambamo sauti huenda upesi kuliko hewani. Nuru hufanya nini katika maji?
6. Nendeni wawili wawili mahali pa wazi. Mmoja apige debe mara moja moja, na mwingine aende mbali akitazama, mpaka aone mkono na kusikia mlio mbali mbali. Pimeni kwa hatua umbali wenu, kisha mwandike mliyoyaona.